Atomu hii imo kwenye pete au haimo? Historia ya swali dogo lililoisumbua kompyuta



Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta habari za hosteli, foleni ya kantini na lini boom linatoka. Leo sina hayo. Leo nawaletea historia, tena historia ya kemia, na naomba msikimbie. Hata ninyi wa Kiswahili na Jiografia mtaelewa, maana hesabu kubwa kuliko zote humu ndani ni kujumlisha na kutoa.

Swali lenyewe ni hili: ukiichukua atomu moja kwenye molekuli, je, imo ndani ya pete au haimo?

Kwa waliosahau: kaboni zikishikana mikono moja baada ya nyingine zikaenda tu, huo ni mnyororo. Ile ya mwisho ikigeuka ikaishika ya kwanza, hiyo ni pete. Paracetamol tunazomeza wakati wa mitihani zina pete moja. Klorokwini, ile chungu ya enzi za utoto wa wazazi wetu, ina pete mbili zilizobanana. Ukimchorea mtu ubaoni, hata kama hajasoma kemia, anakuonyesha kwa kidole: pete hii hapa, mkia huu hapa. Muulize amejuaje, atakujibu "naona tu".

Hilo "naona tu" ndilo limenifanya niandike. Sisi ni walimu watarajiwa jamani. TP ipo njiani. Utasimama mbele ya darasa, utachora mchoro mzuri, na kule nyuma kuna mtoto haoni unachokiona wewe. Utamwambia nini? "Angalia vizuri"? Sasa kompyuta ndiye mwanafunzi wa namna hiyo kupita wote. Haioni kabisa. Huwezi kuifokea, huwezi kuionyesha kwa kidole, na haiwezi kukudanganya kwamba imeelewa ili kipindi kiishe. Watu walichukua miaka mingi kuieleza kitu ambacho jicho linakijibu kwa sekunde moja, na njiani wakagundua kwamba walikuwa wanauliza maswali mawili tofauti wakidhani ni moja. Twende taratibu.

PETE ILIANZA KAMA WAZO

Mwaka 1825 Michael Faraday, akiwa London, alitenga kimiminika kutoka kwenye mabaki ya gesi ya taa. Baadaye kikaitwa benzeni. Ilipopimwa ikaonekana ina kaboni 6 na haidrojeni 6 tu, na hapo ndipo wakemia walipoanza kuumwa kichwa. Mnyororo wa kaboni 6 wa kawaida, heksani, unabeba haidrojeni 14. Sasa hizi nyingine 8 zimekwenda wapi?

Mwaka 1861 Josef Loschmidt wa Vienna alichapisha michoro ambamo benzeni aliiwakilisha kwa duara. Mwaka 1865 August Kekulé, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Ghent kule Ubelgiji, alichapisha mjini Paris wazo kwamba kaboni sita za benzeni zimeshikana na kufunga mzunguko. Mwaka 1890, kwenye sherehe aliyofanyiwa Berlin, akasimulia kwamba wazo lilimjia akisinzia mbele ya moto, akaona nyoka anauma mkia wake. Wanahistoria mpaka leo wanabishana kama ndoto hiyo ilikuwa kweli au ilikuwa stori nzuri ya kuwafurahisha wageni. Mimi simo kwenye ugomvi huo.

Ninachotaka mkione ni kwamba kipimo cha moja kwa moja kilichelewa sana. Ni Kathleen Lonsdale, akiwa Leeds, aliyetumia mionzi ya eksirei kwenye fuwele za ndugu wa benzeni mwenye vikundi sita vya methili, na mwaka 1929 akaonyesha kwamba kweli pete ipo, ni bapa na ina pembe sita. Kutoka 1865 hadi 1929 ni miaka 64. (Mwaka 1945 mama huyo alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuchaguliwa kuwa wanachama wa Royal Society. Akina dada wa sayansi, mpo?)

Kwa hiyo mtu anapokuambia "naona tu pete", anachokiona ni mchoro. Pete yenyewe ni habari ya nani kamshika nani. Na habari ya namna hiyo inaweza kuandikwa bila mchoro wowote, jambo ambalo wana-hesabu walikuwa wameshalifanyia kazi muda mrefu kabla ya Kekulé.

MADARAJA SABA NA KIJANA WA MIAKA 21

Mji wa Königsberg ulikuwa wa Prussia, leo ni Kaliningrad ya Urusi. Ulikuwa na madaraja saba juu ya mto, na watu wakajiuliza kama mtu anaweza kutembea akayavuka yote, kila moja mara moja tu. Mwaka 1736 Leonhard Euler akaonyesha kwamba haiwezekani. Ujanja wake ulikuwa kusahau urefu wa barabara na umbo la mji, akabakiza kitu kimoja tu: sehemu ipi imeunganishwa na ipi. Huo ndio mwanzo wa hesabu za grafu. Tafadhali msichanganye na zile grafu za kuchora kwenye karatasi ya miraba. Hapa grafu ni nukta na mistari inayoziunganisha, basi.

Katika mji huohuo akazaliwa Gustav Kirchhoff. Ndiyo, yuleyule wa sheria za umeme zilizotutesa kidato cha tano na sita. Sheria hizo alizitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo, ana miaka 21. (Sisi tuna miaka mingapi? Haya, tuendelee.) Mwaka 1847 akaenda mbele zaidi akauliza: kwenye saketi yenye nyaya nyingi, kuna mizunguko mingapi inayojitegemea? Jibu lake kwa lugha yetu ni hili: chukua idadi ya mistari, toa idadi ya nukta, jumlisha 1. Sharti tu ni kwamba kila kitu kiwe kimeungana katika kipande kimoja.

Jaribuni kwenye molekuli. Paracetamol, ukiacha haidrojeni ambazo haziwezi kufunga pete hapa, ina atomu 11 na bondi 11. Bondi mbili kwa pamoja, ile tunayoichora mistari miwili, ihesabuni kama mstari mmoja, kwa sababu tunachouliza ni nani kamshika nani. 11 toa 11 jumlisha 1, jibu ni pete 1. Sawa kabisa. DDT, ile dawa ya mbu, ina kaboni 14 na klorini 5, jumla atomu 19, na bondi 20. 20 toa 19 jumlisha 1, pete 2. Sawa tena. Hapo hujachora chochote!

Wana-hesabu na wakemia wakaanza kuazimana. Arthur Cayley wa Uingereza alitumia grafu zisizo na pete kuhesabia isoma za alkani, na mwaka 1878 James Joseph Sylvester, katika makala ya jarida la Nature iliyohusu kemia na aljebra, ndiye aliyelitumia kwanza neno grafu kwa maana hii. Yaani neno lenyewe la hesabu limezaliwa jikoni kwa kemia.

Ila kanuni ya Kirchhoff ina upungufu mmoja. Inakuambia pete ni ngapi. Haikuambii nani yumo.

KOMPYUTA INAPEWA ORODHA

Mpaka katikati ya karne ya 20 hilo halikuwa tatizo, maana mkemia aliangalia mchoro. Tatizo likaja pale michoro ilipozidi macho. Mwaka 1957 Louis Ray na Russell Kirsch, wakifanya kazi katika taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kutafuta kipande cha molekuli ndani ya molekuli nyingine. Mwaka 1965 Chemical Abstracts Service ya Columbus, Ohio, ilianza rejista ya kompyuta ya vitu vyote vya kemia vilivyochapishwa, na mwaka huohuo H. L. Morgan wa hapohapo akachapisha utaratibu wa kuzipa atomu namba, ili molekuli moja isije ikasajiliwa mara mbili kwa majina mawili. Rejista hiyo leo imepita vitu milioni 200. Hakuna jicho la kupitia hivyo.

Kompyuta inahifadhi molekuli kama orodha. Hebu nanyi muwe kompyuta kwa dakika moja. Hii hapa ni molekuli yenye atomu 7 na bondi 7:

3-7, 1-5, 6-3, 2-7, 4-1, 5-2, 1-6

Usichukue kalamu, usichore. Atomu ipi haimo kwenye pete?

Umeona shida? Ni toluini, kitu kimo kwenye rangi na gundi, na ukichorewa utajibu kabla sijamaliza kuuliza. Lakini kwenye orodha pete imepotea machoni. Ipo, ila imejificha kwenye namba. Walioangalia kwa makini watakuwa wamegundua kwamba namba 4 imetokea mara moja tu. Atomu yenye mkono mmoja haiwezi kuwa kwenye pete, kwa sababu kwenye pete lazima uingie kwa mlango mmoja na utoke kwa mwingine. Kwa hiyo jibu ni 4, na zilizobaki zote zimo.

KUPOGOA MATAWI NA MTEGO WA DDT

Hapo ndipo wengi wanapopata wazo la kwanza, na ni wazo zuri: pogoa matawi. Ondoa kila atomu yenye mkono mmoja. Ukishaiondoa, jirani yake naye anaweza kubaki na mkono mmoja, mwondoe pia. Endelea mpaka hakuna wa kuondoa. Wanaobaki ndio wenye pete. Ni sawa na kuvua majani ya mchicha mpaka ubaki na shina.

Kwa paracetamol inafanya kazi vizuri sana. Sasa jaribuni DDT. Molekuli hii ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler, ikakaa tu, mpaka mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alipogundua kwamba inaua wadudu, akapata Nobel mwaka 1948. Ina pete mbili za kaboni sita, na katikati yao kuna kaboni moja iliyozishika zote mbili, pete moja kila mkono. Kaboni hiyo ya katikati imebeba pia kaboni nyingine yenye klorini tatu.

Pogoa. Klorini zote tano zinaondoka kwa sababu zina mkono mmoja. Ile kaboni iliyobeba klorini tatu sasa imebaki na mkono mmoja, nayo inaondoka. Kaboni ya katikati je? Imeshika pete ya kushoto na pete ya kulia. Ina mikono miwili. Haiondoki! Utaratibu wetu unasimama na kutangaza kwamba kaboni ya katikati imo kwenye pete, wakati mtu yeyote anayeangalia mchoro anaona kwamba haimo. Ni kama mtu aliyesimama kati ya ngoma mbili, kashika mkono mchezaji wa huku na mchezaji wa kule. Anaguswa na zote, hachezi hata moja.

Naipenda sana hatua hii kwa sababu inafanana na darasani. Maelezo yetu mengi ya haraka huwa yanafanya kazi kwa mfano wa kwanza tulioutoa ubaoni. Mwanafunzi akija na mfano wa pili, maelezo yanaanguka, na tunamwambia "hiyo ni tofauti kidogo". Kompyuta haikubali hiyo "tofauti kidogo".

FUNGA BARABARA UONE

Maelezo yanayosimama ni haya: shughulika na bondi kwanza, siyo atomu. Chukua bondi moja, ikate, halafu uliza kama bado unaweza kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa njia nyingine. Ukiweza, bondi hiyo ilikuwa kwenye pete. Ukishindwa, haikuwemo. Na atomu imo kwenye pete ikiwa ina japo bondi moja ya pete.

Wa Dar mnaijua hii. Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa mwaka 2016, kivuko cha Magogoni kikisimama mtu wa Kigamboni bado aliweza kuja mjini kwa kuzunguka Kongowe na Mbagala. Unachelewa, unatoa jasho, ila unafika. Maana yake kivuko kilikuwa sehemu ya pete. Lakini kijiji chenye barabara moja tu, mvua ikisomba daraja lake, ndiyo mmekatika. Bondi ya namna hiyo ya pili wana-hesabu wanaiita daraja. Kwa hiyo, kwa lugha yao, Daraja la Nyerere siyo daraja! Cheka kidogo halafu uendelee.

Rudi kwenye DDT. Kata bondi kati ya kaboni ya katikati na pete ya kushoto: pete ya kushoto imebaki peke yake, hakuna njia ya kuzunguka. Ni daraja. Kulia vilevile. Bondi ya kwenda kwenye kaboni ya klorini tatu, vilevile. Kaboni ya katikati haina hata bondi moja ya pete, kwa hiyo haimo. Mtego umeteguka.

Kuna mfano mwingine mtamu: bifenili, pete mbili zilizounganishwa moja kwa moja kwa bondi moja. Hapo kila atomu ya kaboni imo kwenye pete, lakini bondi ya katikati haimo. Kwa hiyo ukisema "atomu zote mbili zimo kwenye pete, basi na bondi yao imo", umeshapotea.

Lakini kukata bondi moja moja na kutembea upya kila mara kunakula muda. DDT ina bondi 20, unatembea mara 20. Kwa mamilioni ya molekuli, na kompyuta za miaka ile, ilikuwa mzigo. Mwaka 1972 Robert Tarjan, ambaye hakuwa amefika hata miaka 25, alichapisha kazi kuhusu kutembea kwenye grafu kwa kwenda ndani kwanza, na mwaka 1974 akatoa maelezo mafupi ya kutafuta madaraja yote kwa matembezi ya mara moja tu.

Ni hivi. Umetupwa Kariakoo na kipande cha chaki. Kila kona mpya unayofika unaiandika namba ya kufika: 1, 2, 3... Unaenda mbele tu mpaka ukwame, ndipo unarudi nyuma kutafuta uchochoro ambao hujaupita. Njiani ukikutana na kona iliyokwishaandikwa, unaikumbuka namba yake. Sasa, tuseme ulitoka kona ya 5 ukaingia ya 6. Ukimaliza kuzunguka kila kitu kilichoko mbele ya 6, jiulize: bila kurudi kwa uchochoro uleule wa 5 na 6, nimewahi kukutana tena na namba 5 au ndogo zaidi? Kama ndiyo, kuna njia ya kuzunguka, uchochoro huo umo kwenye pete. Kama hapana, ni daraja. Matembezi mara moja, majibu ya bondi zote. Tarjan na mwenzake John Hopcroft walipewa tuzo ya Turing mwaka 1986, na kazi za grafu za namna hii zilikuwa sehemu kubwa ya sababu.

Kwa hiyo swali la kichwa cha habari lilikuwa limeshapata jibu safi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jibu moja, lisilo na ubishi. Mbona basi watu waliendelea kugombana kuhusu pete kwa miaka mingine 30?

SWALI LA PILI LILILOJIFICHA

Kwa sababu wakemia hawakuridhika na "imo au haimo". Walitaka kujua imo kwenye pete ipi, na zipo ngapi. Mwaka 1969 E. J. Corey na Todd Wipke wa Harvard walichapisha kazi yao ya kupanga utengenezaji wa molekuli kwa msaada wa kompyuta, na hapo lazima ujue ni pete zipi za maana. Naftalini, ile ya kuwekea nguo kabatini, ina pete mbili za sita, lakini ukizunguka kwa nje unapata pia mzunguko wa kumi. Nani anautaka huo wa kumi? Hakuna. Ikawekwa desturi: chagua zile ndogo kabisa, idadi ileile ya Kirchhoff. Ikaitwa seti ndogo kabisa ya pete ndogo kabisa. Inasikika vizuri sana.

Sasa chukueni boksi la chaki. Mwaka 1964 Philip Eaton na Thomas Cole wa Chicago walitengeneza molekuli yenye umbo hilo, kyubeni: kaboni 8 kwenye pembe nane, bondi 12 kwenye kingo. Hesabu nyuso za boksi: 6. Yaani pete 6 za kaboni nne nne, zote sawa kabisa. Sasa tumia Kirchhoff: 12 toa 8 jumlisha 1, jibu ni 5.

Uso mmoja lazima uachwe. Upi? Hakuna sababu yoyote ya kemia ya kuchagua. Programu inaacha mmoja kufuatana na jinsi atomu zilivyopangwa kwenye orodha. Ukiiuliza kila atomu imo kwenye pete ngapi, zile nne za uso ulioachwa zitajibiwa 2, na nne nyingine zitajibiwa 3, wakati atomu zote nane ni mapacha. Pindua orodha, majibu yanahama. Hapo kompyuta imefanya kazi yake sawasawa. Swali ndilo lililokuwa na kasoro.

Watu walipigana na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Geoffrey Downs na wenzake wa Sheffield walichapisha mapitio ya taratibu za kutafuta pete zilizokuwepo, na zilikuwa nyingi. Mwaka 2004 Franziska Berger na wenzake wakaonyesha kwa mifano kwamba madai mengi yaliyochapishwa kuhusu seti za pete hayakuwa kweli, na kwamba baadhi ya molekuli zinazoyavunja ni zile zinazojulikana sana. Watengenezaji wa programu ya OEChem waliandika wazi kwenye mwongozo wao kwamba seti hiyo maarufu ina madhara, wakaikataa.

Na kwenye programu za bure ambazo hata laptop yangu mbovu inaziendesha, CDK iliyoanza mwaka 2000, Open Babel ya mwaka 2001 na RDKit iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006, utakuta maswali mawili yametenganishwa. Kuna kazi moja ya haraka inayosema tu imo au haimo, na kazi nyingine nzito inayotafuta seti ya pete. RDKit inakwenda mbali zaidi: kwa kyubeni, ukiomba seti halisi inakupa 5, ukiomba ile iliyosawazishwa ili isibague mapacha inakupa 6. Majibu yote mawili ni halali, mradi ujue umeuliza nini.

KWA NINI INATUHUSU

Wapo mtakaosema haya ni mambo ya maabara za wazungu. Basi chukueni dawa mseto, ALU, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Nusu yake imetokana na artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea wa Artemisia annua nchini China mwaka 1972 kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake. Mama huyo alipata Nobel mwaka 2015. Mmea huo umelimwa pia Tanzania na Kenya.

Artemisinini ina atomu 20 ukiacha haidrojeni, na bondi 23. Mshajua kuhesabu: pete 4. Ndani yake kuna oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, kitu kinachoitwa peroksaidi, na uwezo wake wa kuua vimelea unategemea bondi hiyo. Peroksaidi nyingi ni vitu vya hatari visivyotulia. Hii imefungwa ndani ya pete, na imetulia kiasi cha kuwekwa kwenye kidonge ukamezeshwa mtoto.

Sasa mtafiti anayetafuta ndugu wa artemisinini kwenye hifadhi ya mamilioni ya molekuli hawezi kuomba tu "oksijeni mbili zilizoshikana", ataletewa takataka. Anaandika O@O. Kwenye lugha ya kutafutia iitwayo SMARTS, hiyo alama ya katikati inamaanisha bondi iliyo ndani ya pete. Alama moja! Nyuma yake wamo Euler, Kirchhoff aliyekuwa rika letu, na Tarjan na chaki yake. Na kumbukeni, ni swali lile la kwanza, lenye jibu moja. Angeuliza "bondi hii imo kwenye pete ngapi", jibu lingeweza kutegemea programu aliyonayo.

Kwa sisi tunaokwenda kufundisha, mimi nimebaki na mambo mawili. Kwanza, mtoto akisema haoni, tujue kwamba kuna maelezo yasiyohitaji kuona, na kazi yetu ni kuyatafuta. Kata bondi, uone kama kuna njia ya kuzunguka: hilo linaweza kufundishwa kwa kamba na mikono ya wanafunzi uwanjani, shule yoyote, hata isiyo na maabara wala umeme. Pili, wanafunzi wawili wakija na majibu mawili tofauti, kabla hujachukua kalamu nyekundu liangalie swali lako. Inawezekana umeuliza kyubeni.

Nawaachia kazi ya nyumbani. Mwaka 1985 Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waligundua molekuli ya kaboni 60 yenye umbo la mpira wa miguu, ule wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe. Ina atomu 60 na bondi 90. Vipande vya mpira ni 32: vya pembe tano 12, vya pembe sita 20. Pigeni hesabu ya Kirchhoff, halafu mkinikuta kantini mniambie kipande kimoja kimekwenda wapi.

Tuko pamoja.